Farasi wa Evangelina Anacheua

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Evangelina wangu ni mwandishi! Kwenye simu wako kundi la watu tisa, wanaandika hadithi moja, kila mmoja ana mtu wake ndani yake. Huyu akituma kipande, mwingine anapokea anaendeleza. Mmoja yuko Mombasa! Mwanangu kapewa msichana mwenye farasi. Mimi nilidhani farasi wa kweli, nikamtangazia jirani yangu Adelgunda. Kumbe wa maneno tu. Sijarudi kumsahihisha.

Leo kaniuliza, mama, mnyama akishiba anafanyaje? Nani hapa Isingiro ananizidi kwa wanyama? Nimekulia kwenye ng'ombe wa baba! Nikamweleza yote — analala chini, anacheua, macho nusu wazi, unamwashia moshi wa kufukuza nzi. Akaandika vilevile. Farasi kamwita Bihogo, jina la ng'ombe wetu mwekundu aliyekufa. Nililia kidogo.

Jumatano, 6 Agosti

Wamemcheka.

Mkubwa wa kundi ni Ikram, binti wa mwenye duka la vitenge Omurushaka. Mjomba wake Abdillah naye yumo — alitunza farasi wa watalii Arusha miaka kumi. Kaandika kwamba farasi hacheui. Hacheui! Sasa hayo majani anayasaga lini? Na eti anasinzia amesimama. Kama askari! Mwingine kauliza, huyo Bihogo anakamuliwa saa ngapi.

Eva kacheka nao. Halafu kaingia jikoni akamenya ndizi hata za kesho. Nilitaka kumpa pole. Pole ya nini lakini? Ya farasi ambaye hayupo?

Alhamisi, 7 Agosti

Adelgunda kaja kumwona farasi! Kamleta na wifi yake. Nikasema yuko malishoni — Mungu anisamehe.

"Mama Eva, majani ya viazi anakula?"

Nikasema anayapenda sana. Waitu, jamani! Najua nini mimi?

Jumamosi, 9 Agosti

Ikram kampa nafasi ya mwisho. Leo Bihogo anaugua tumbo, na Eva ndiye wa kuandika, kabla ya saa kumi. Wasipomwona farasi pale, kipande kinafutwa, farasi anapewa mwingine, na msichana wa Eva anatoka kwenye hadithi.

Mtu atasema, mchezo tu. Lakini tangu amalize kidato cha nne yupo hapa na mimi na migomba. Hao wanane ndio watu pekee wanaomngoja aseme kitu.

"Mama, leo usiniambie chochote."

Ilinichoma. Nikanyamaza. Mimi, kunyamaza! Kaandika, kafuta. Kaandika, kafuta. Mwisho kaja nilipokuwa naanika kahawa.

"Bihogo wetu alipoumwa tumbo, kabla hajaanguka, alifanyaje?"

"Farasi siwajui, mwanangu."

"Sijakuuliza farasi."

Nikamwambia. Aligeuza shingo akatazama ubavu wake. Akaacha. Akautazama tena, kama mtu anayesikia anaitwa na hamwoni anayeita. Halafu akajipiga tumbo kwa mguu wa nyuma. Basi. Moshi sikuutaja, kucheua sikutaja, nilijikaza.

Katuma saa tisa na nusu.

Sasa simu iko juu ya gunia, tunaitazama sote wawili, na mimi naandika hapa ili mikono ipate kazi. Inaonyesha Abdillah anaandika. Kaacha. Anaandika tena. Mtu wa miaka kumi Arusha, neno moja tu linamshinda?

Eva kanong'ona, "Mama, na kama tumbo hilo ni la ng'ombe tu?"

Sijui. Maumivu nayo kuna ya ng'ombe na ya farasi? Sijui kabisa.

Hodi uani. Adelgunda! Namsikia anaburuta kitu.

"Mama Eva! Nimemletea majani ya viazi, mabichi! Yuko wapi?"

Eva kanitazama. "Nani yuko wapi, mama?"

Abdillah bado anaandika —