Beseni la Mama Yetu, Celina Ruguru

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu uliache beseni lako la kijani limeegemea ukuta wa jikoni. Uliondoka na haraka zako zilezile. Jioni ulilalamika kichwa, asubuhi tukakukimbiza hospitalini, na kabla chai ya saa nne haijamiminwa tulikuwa watoto wasio na mama. Mpaka leo tukifika langoni tunataka kukuita, halafu tunakumbuka.

Tunaokuandikia ni sisi wanao, lakini habari nyingi hapa ni za Baba, kwa kuwa ndiye uliyemwacha peke yake katika boma la Kianjokoma. Sisi tuna kazi na watoto wa kutuchosha. Yeye ana kiti kimoja, redio moja, na bustani yako. Na hiyo bustani, Mama, nusura aimalize kwa mapenzi.

Wewe ulikuwa mtoto wa Kiambere. Ulikua ukiliona bwawa linang'aa kule chini huku maji ya kwenu yakiletwa kwa mgongo wa punda. Ulipoolewa huku juu karibu na msitu, ambako bomba huingia mpaka uani, watu walidhani utasahau. Hukusahau. Maji uliyotuogeshea yalifua matambara, yakapiga deki, na yaliyobaki yakaenda kwenye waridi. Tukitaka kuyamwaga ulitukemea: "Wee, hayo hayajastaafu!"

Baba alipostaafu udereva wa lori la chai alipanda nyasi mbele ya nyumba, zile laini alizokuwa akiziona kwa mameneja. Alizimwagilia kwa mpira kila asubuhi, kofia kichwani, utadhani bwana shamba. Ulimvumilia, kwa sababu ulimpenda. Halafu siku moja Halimah, mke wa mwenye bucha, ambaye nyumba yake iko mwisho kabisa wa laini ya mradi wa maji, alikuja kununua mayai. Akasimama uani, akamtazama mzee na mpira wake, akasema bila hasira yoyote, "Kumbe maji yetu inaishia hapa."

Hukulala vizuri siku hiyo. Baba alipokwenda mazishini Runyenjes uling'oa nyasi zote, ukapanda mishubiri, mimea isiyodai maji, uliyoletewa kutoka kwenu Kiambere, ukayafunika matuta kwa majani makavu. Aliporudi aliuliza wezi walikuja saa ngapi. Mlinuniana mpaka Jumapili, kisha mkacheka.

Basi wewe na Halimah mkawa hamtulii. Ulikuwa umeona maji ya udhu yakipotelea mtaroni kando ya msikiti wa sokoni, ukamtuma awaulize wazee wao kama kuna ubaya yakielekezwa kwenye maua ya uzio. Wakasema hakuna, tena wakanunua bomba wenyewe. Ukasimama kanisani baada ya matangazo, ukatuaibisha sisi sote kwamba wenzetu wa msikitini hawapotezi hata maji ya kunawa miguu, huku gata za paa la kanisa zinamwaga mvua nzima barabarani. Tangi la kanisa likapatikana. Shule nayo ikaingia, ingawa mwalimu mkuu ulimsumbua sana mpaka akakubali.

Mwishowe mkutano wa mradi ukapitisha sheria yako: ua halinywi kabla ya mtu. Maua ya kila boma yanywe mvua ya tangini na maji yaliyokwisha kutumika. Atakayekutwa akiyamwagilia kwa mpira wa bomba afungiwe koki kwa kufuli mpaka kamati iridhike. Wa kwanza kufungiwa alikuwa Gachoki, mwenyekiti mwenyewe, na ni wewe uliyeibeba hiyo kufuli. Alikasirika, akapoa, akakuletea mapapai.

Sasa sikiliza alivyofanya mume wako.

Tulipotawanyika baada ya mazishi, Baba aliutoa ule mpira stoo. Alimwagilia mishubiri, akamwagilia waridi, akamwagilia na kaburi, asubuhi na jioni, hata mvua ikiwa imenyesha. Binti yako Winrose akimpigia simu kumuuliza anaendeleaje, alijibu, "Niko na mama yenu hapa. Niko nampea maji." Tulifurahi kwamba ana kitu cha kushika. Hatukuuliza maji yanatoka wapi.

Mishubiri ikaanza kuwa ya manjano, ikalegea, ikalala chini. Baba alidhani ni kiu, akaongeza maji. Mmea uliozaliwa kwenye mawe ya Kiambere, ukavumilia jua la huko kwenu Mbeere, akauzamisha katika matope ya Kianjokoma. Na kule mwisho wa laini bomba zikakauka. Watu wa chini wakarudi kuchota mtoni, na hakuna aliyesema neno. Nani angemwendea mwanamume aliyefiwa na mkewe amwambie habari ya koki? Gachoki alifika langoni na kufuli mfukoni, akamwamkua, wakazungumza juu ya ng'ombe, akaenda zake. Hakurudi. Wengine nao wakaacha kupita, kwa kuwa mtu akiketi pale uani angelazimika kuutazama ule mpira na kunyamaza.

Baba hakujua sababu. Aliona tu viti vyako vya wageni vimejaa vumbi, akaamini kwamba watu wamekusahau mapema hivyo. Ilimuuma sana. Akawa anakula ugali wake amesimama jikoni, maana mezani palikuwa panamkumbusha wewe.

Ni Halimah aliyekuja, mwezi wa tano, na mtungi mtupu mkononi.

"Baba Winrose, hiyo mpira ni ya nini?"

"Ni ya maua ya Mama Winrose. Unaona vile yanakauka?"

Akainama, akauvuta mshubiri mmoja. Ukatoka mzima, mizizi imegeuka uji, unanuka.

"Hii haijakauka, mzee wangu. Hii imeoza. Na kule kwetu hata maji ya udhu hakuna. Watu wanaogopa kukuambia, sababu ya matanga. Mimi siogopi, mimi nilikuwa rafiki yake."

Baba aliketi palepale kwenye matope, na suruali yake ya kanisani. Kisha akasema, "Lakini nikiacha kumpea maji, si ataenda kabisa?"

"Alienda," Halimah akamwambia, naye analia. "Alienda, Baba Winrose. Tulimzika sisi wote."

Siku hiyohiyo Baba alitembea mpaka kwa Gachoki na kumwomba kufuli.

"Aai, Mzee Ireri," Gachoki akasema, "wewe ni mtu wa matanga. Hiyo tuliacha."

"Sheria ni ya nani?"

"Ni ya mama."

"Basi njoo unifungie."

Wakafunga koki pamoja, wazee wawili wamechuchumaa kando ya njia. Jirani mmoja aliyewaona anasema walikaa pale muda mrefu baada ya kazi kwisha. Jioni hiyo maji yalifika mpaka mwisho wa laini, na Halimah akatuma mtu amletee Baba nyama.

Sasa Baba anaoga kwenye beseni lako. Anasuuza shati lake humo, anaosha sahani yake na kikombe chake, anatoka nalo nje polepole asije akamwaga. Amejifunza yote uliyokuwa ukitufundisha, na sisi tungecheka kama isingekuwa jambo moja. Maji ya mtu mmoja hayafiki mbali. Mlipokuwa wawili, na wageni wenu wasiokwisha, na wajukuu wakati wa likizo, beseni lilizunguka bustani nzima. La kwake linatosha safu moja. Alichagua ile iliyo chini ya dirisha la jikoni, kwa sababu ndiyo uliyokuwa ukiitazama ukipika. Kwingine kote ni udongo mtupu uliofunikwa majani makavu.

Koki ilifunguliwa zamani. Kamati iliridhika, majirani wakarudi kuketi kwenye viti vyako, na kila jioni hurudi kwao. Walijitolea kumletea maji ya mabeseni yao, akakataa, akasema kila boma lina maua yake. Winrose alipomsihi achukue japo mtungi mmoja wa bomba aokoe safu ya pili kwenye simu, alikataa hilo pia. Kisha tukasikia sauti ya kilio ambayo hatukuwa tumeisikia hata kaburini. "Peke yangu, mama," alimwambia Winrose, "sichafui maji ya kutosha."

Hilo limetukaa moyoni, na ndilo lililotufanya tuandike kumbukumbu hii mapema, ndugu na marafiki waione.

Jumamosi hii tutakuwa na ibada kanisani, kisha tutakula nyumbani. Mwanao Ndambiri amenunua mbuzi. Dada zako wanakuja kutoka Kiambere na machipukizi ya mishubiri. Baba ana ombi moja tu kwa kila atakayefika, naye amesisitiza tuliandike wazi: msinawe kanisani, wala msinawe njiani. Mlangoni kutakuwa na beseni lako la kijani. Ile kazi ya kuwanawisha wageni kabla ya chakula, ambayo wewe hukumwachia mtu, safari hii ataifanya yeye mwenyewe. Atashika jagi, atamimina kidogokidogo, mmoja baada ya mwingine, na beseni likijaa atalibeba mpaka kwenye safu zilizo wazi. Halimah amesema anakuja na watu wa msikitini, na wao watanawa mpaka miguu.

Kwa hiyo, enyi mliomjua, njooni wengi. Njooni na mikono michafu.

Unakumbukwa na mume wako, Mzee Ireri; wanao, Winrose na Ndambiri, na wenzi wao; wajukuu wako, na hasa Ruguru mdogo aliyerithi jina lako na ukali wako; dada zako wa Kiambere; rafiki yako Halimah; na kila nyumba ya laini yetu, kutoka juu mpaka mwisho.

Daima tutakukumbuka, Mama, na maji hatutayamwaga.