Setilaiti Sifuri

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, nikitumaini kwamba kozi ya ukunga haijakumaliza na miguu imeacha kuvimba tangu ulipobadilisha viatu. Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea na dawa zake za presha, na anazisahau vilevile hata ukimwekea juu ya mto. Baba ni mzima, siku hizi anatembea utadhani kijana. Mimi nipo kibandani na simu za watu ninazozitengeneza, na ile feni uliyoniachia inanguruma kuliko inavyopuliza.

Barua yako niliipata Jumanne. Umeniambia mumeo amekuandikia mistari miwili tu kuhusu roketi: kwamba iliruka, ikapatikana, na kwamba bila kaka yako wangeaibika. Ukanishukuru sana, ukanitaka nikusimulie yote. Barua hiyo nimeisoma mara nne, na kila nikimaliza naikunja na kuirudisha kwenye droo. Leo nimefunga mapema ili nikuandikie.

Unakumbuka mambo haya yalivyoanza. Baba alipostaafu upimaji ardhi alikosa kitu cha kupima, tukaanza kuunda roketi za mabomba ya karatasi ngumu, mimi na yeye, uani. Yeye ndiye aliyenibandika jina la Bisibisi. Kisha akaja mumeo na useremala wake. Alichonga mapezi ya mbao nyembamba, akayapiga msasa mpaka yakawa laini kama kucha, na baba akachanganyikiwa kwa furaha. Hakuacha kumsifu mkwe wake hata kwa muuza mkaa. Jumamosi nikifika, nawakuta wawili wameinamia bomba, chai wameshakunywa, na kiti changu kimewekewa msumeno. Niseme ukweli, kijiba cha roho kilinikaba. Nilicheka nao, nikabaki nimesimama.

Ile roketi ya kwanza waliyounda wawili ilipotelea mashambani, wakaitafuta siku mbili na kurudi mikono mitupu. Kwa hiyo safari hii wakanunua kifaa cha kufuatilia, kidogo tu, kinachokaa ndani ya pua ya roketi. Kinasoma mahali kilipo kutoka kwenye setilaiti, halafu kinatuma taarifa kwenye kipokezi cha mkononi. Mumeo alikichongea kijisahani cha mbao cha kukishikilia. Ijumaa jioni akaniletea kibandani, akaniomba kwa adabu zake zile nikiangalie kama betri imejaa.

Jumamosi tukaenda kwenye uwanja wa chama chao cha roketi. Baba, hana hili wala lile, alikuwa amewaalika wapimaji wenzake wanne waliostaafu, nao wakaja na miavuli na ushauri. Msimamizi wa uwanja akatukumbusha masharti: roketi isiyoonyesha mahali ilipo hairuki, na ikifika saa sita anafunga kwa sababu ya upepo. Miezi minane ya kazi ya baba ilikuwa imesimama pale kwenye nguzo yake ya kurushia.

Mumeo akawasha kifaa. Baba akashika kipokezi, akavaa miwani, akasoma kwa sauti: betri imejaa, mawimbi mazuri, setilaiti sifuri. Tukasubiri dakika kumi. Sifuri. Mumeo akasema labda paa la bati la banda lililo jirani linaziba, tukaihamisha roketi katikati ya uwanja. Sifuri. Akazima, akawasha. Akabadilisha betri. Akawaomba wazee wazime simu zao, na mmoja wao akagoma kwa kuwa anasubiri mjukuu apige. Baba akawaambia kwamba enzi zao walisubiri hata nusu saa kifaa kipate setilaiti, lakini nilimwona jasho linamtiririka shingoni. Mzee mmoja akauliza kwani hiki kitu kweli kinaruka au ni pambo la sebuleni. Wakacheka. Baba hakucheka.

Saa tano na nusu mumeo akafungua pua ya roketi, akatoa kijisahani chake, akageuka kivulini na kukitazama kwa muda mrefu. Nilimwona anakata kitu kwa meno. Kisha akakirudisha, akafunga, akamwendea baba na kumwambia kwamba yeye amefika mwisho wa ujuzi wake, mambo ya waya ni ya shemeji. Baba akaniita mbele ya watu wote. Aliniita jina langu, siyo Bisibisi.

Nikafungua. Ule waya mwembamba wa antena ya setilaiti ulikuwa umechomoka, na ncha yake imefungwa kipande cha utepe wa njano, nadhifu kabisa, ili isiguse betri na kuunguza kifaa. Ni ule utepe ambao mumeo hubandika kwenye mbao kabla ya kupaka vanishi.

Mdogo wangu, waya ule niliuchomoa mimi. Ijumaa jioni, kwa koleo langu mwenyewe. Nilichagua huo kwa kuwa kuchomoa ule mwingine, wa kutuma taarifa, kungeharibu kifaa, nami sikutaka kiharibike. Nilitaka tu mkwe mpendwa ashindwe mbele ya watu, halafu mimi niitwe. Yeye aliuona waya, akajua mkono wa nani umepita pale, maana hakuna mwingine aliyekishika. Angeweza kuuchomeka na mambo yakaisha. Angeweza kusema. Badala yake aliufunga utepe, akaniachia.

Nikautoa utepe, nikachomeka waya. Baba akasoma: nne, saba, tisa. Akanishika bega, akawaambia wenzake kwamba huyu ndiye mwanawe, na haya mambo anayaweza yeye. Miaka miwili nilikuwa nayasubiri maneno hayo. Nilitamani ardhi ipasuke. Aliyepiga makofi wa kwanza ni mumeo.

Roketi ikaruka vizuri, mwavuli wake wa kushukia ukafunguka, tukaikuta kilomita moja na nusu kwenye shamba lililokwisha kuvunwa. Baba aliibeba mwenyewe njia nzima.

Zamani nilimwonea wivu mumeo kwa kupendwa na baba. Wivu huo haujaniisha, umeongezeka mwingine mbaya zaidi: najua ningekuwa mimi kivulini pale, ningesema, tena kwa sauti. Jumamosi ijayo nitawahi, kabla ya chai. Nitautoa ule msumeno kitini, nikae, nimwambie baba na mumeo akiwepo. Nakuomba usiwaandikie kabla ya hapo. Nikishindwa, hii barua unayo, mpelekee baba.

Mama anakusalimu, anasema ule na ulale. Majirani pia wanakuulizia. Ndani ya bahasha nimekuwekea kile kipande cha utepe wa njano. Ukikitazama karibu utaona alama za meno ya mumeo. Kitunze, ni chako kuliko changu.

Wasalaam,
kaka yako,
Bisibisi