Ua la Zuhura

Jumanne, Lindi

Zuhura tena. Tulianza siku moja kujifunza ile mashine ya kompyuta inayochonga mbao, tena mimi nimechonga milango kwa patasi miaka kumi na tano. Leo ua alilochonga kwenye ubao limetoka safi. Mimi nilikosea kuingiza unene wa ubao, kisu kikazama mpaka mezani, kikavunjika.

Fundi mkuu akamwambia, "Mwonyeshe mwenzako."

Kusema kweli, nilitamani na lake liharibike.

Akanisogelea, akasema taratibu, "Kaka Hamisi, mimi nimeshavunja vitatu. Huwa nakuja asubuhi kujaribu, kabla hamjafika."

Nilijibu, "Sawa." Hata ahsante sikusema. Wivu bado ninao, lakini kesho nitamkuta pale asubuhi, nimwombe anionyeshe.