Abibu na neno "fire"

Djamila, kaka yangu Abibu amenaswa na neno moja la Kiingereza.

Unajua anatafsiri kule mgodini, upande wa Mashamba. Leo asubuhi bosi mgeni aliingia penye kuoshea mawe, akaangalia wale watu thelathini, akasema, "Fire them all."

Abibu alisikia "fire" tu. Akapiga kelele, "Moto! Mutoke bote!"

Wakakimbia mpaka nje ya geti. Bosi akafurahi namna walivyotii, akaamuru mlinzi afunge. Hapo ndipo Abibu akaelewa. Kumbe Waingereza wakimfukuza mtu kazi wanatumia neno lilelile la moto.

Baba mkwe wake, tata Moussa, alikuwa kati yao. Alishika nondo za geti akauliza, "Mutoto yangu, moto iko wapi?"

"Moto hakuna, tata. Bosi amewafukuza kazi. Mi nilikosea neno."

"Na weye?"

"Mi nabaki."

Nabaki, Djamila. Alimwambia hivyo baba ya mke wake, usoni.

Mzee akaachia nondo. Akaketi palepale chini, na wenzake wakaketi.

Sasa ni saa kumi, kazi imeisha. Geti ni moja tu, wale watu bado wameketi mbele yake, na Abibu bado yuko ndani.