Msalaba Wako Una Jina la Baba Yako

Mama,

Shikamoo. Nimekaidi. Nakuambia mwenyewe mapema, usije ukasikia kwa wengine huko uliko, maana naujua ukoo wetu, hata wafu wake hawawezi kukaa na habari tumboni. Jumamosi tumeweka msalaba juu ya kaburi lako, na nimeuandika jina la baba yako. Mjomba Kosmas alikataza mbele ya ukoo mzima. Nikaandika. Kwa rangi nyeusi ya mafuta, ileile ninayoandikia vibao vya maduka pale Mbinga, na ilipokauka nikarudia mara ya pili juu yake, kusudi hata miwani ya Mjomba isipate kisingizio.

Ngoja nikueleze vizuri, maana wewe ulikuwa hupendi hadithi inayoanzia miguuni.

Nyumba yako ipo. Kuku wako wanataga kwa jirani, kama siku zote, tofauti ni kwamba sasa jirani harudishi mayai. Mihogo uliyoiacha shambani tumeivuna, tumeikausha kwenye mwamba, na unga wake ndio tuliopikia ugali tukala na usipa, dagaa wa ziwa letu, siku ya msalaba. Mimi bado nakaa Mbinga na kazi ni ileile. Nimeandika saluni mbili, duka la pembejeo za kahawa, na ubavu wa lori la makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka ambalo mwenyewe alitaka liandikwe "Mpole" huku dereva wake tukimjua sote.

Unakumbuka ulivyokuwa ukienda kanisani kuuliza vitabu? Nilikuwa nakusindikiza tangu nikiwa darasa la tatu. Unafunga kitenge cha kijani, unapaka miguu mafuta, tunakwenda kwa Mzee Yoeli, mshika ufunguo wa kabati la sakristia. Unamwamkia, unakaa kwenye ukingo wa benchi, unamwomba akutazamie jina la baba yako. Na yeye anatikisa kichwa kwa huruma kabisa: "Mama Roda, vile vitabu vimeliwa na mchwa." Mwaka unapita, tunakwenda tena. Mchwa tena. Siku moja tukirudi ukasema, bila hata kunitazama, "Mchwa wa kanisa letu ni wasomi sana." Nilicheka mpaka nikajikwaa. Wewe hukucheka. Sikujua kwamba ulikuwa unaumia, Mama. Nisamehe, nilikuwa mdogo.

Nilichojua ni kile walichojua wote: kwamba baba yako, Stefano, alikwenda migodini Afrika Kusini ukiwa tumboni, na hakurudi. Huku ziwani mtu wa namna hiyo ana jina lake, mchona, aliyekwenda kazini akapotelea huko kwa kupenda kwake, akaoa huko, akasahau kwao. Watoto wenzako walikuimbia. Mashemeji walikutupia neno hilo. Ulipodai ulime kipande cha baba yako kule bondeni kwenye mpunga, baba mdogo wako Benedikto alikujibu kwamba mchona haachi shamba. Ukalima kwa watu wa mama yako, kule Liparamba, ukarudi kuolewa huku ziwani, ukanizaa mimi. Maisha yako yote hukumtukana baba yako hata mara moja. Ulisema tu, "Mtu aliyemjengea mke wake uchanja wa vyombo siku moja kabla ya safari, huyo alitaka kurudi." Mama yako, Bibi Marta, alikuwa amekuonyesha huo uchanja.

Basi. Miezi minne baada ya kukuzika, akaja mgeni. Mama wa Kizungu, muuguzi mstaafu, anaitwa Gwen. Ukimwita Mwingereza ananuna. Ni wa Welisi, nchi iliyoko ubavuni mwa Uingereza, ina lugha yake na kiburi chake. Nikamwambia nimeelewa, hata Mmatengo ukimwita Mngoni utajuta. Alikuwa anatafuta ukoo wake. Watu wa kanisa walinitafuta mimi nimtafsirie, kwa sababu watu wanaamini najua Kiingereza, na mimi sijawahi kuwakatalia. Nimekisoma kwenye makopo ya rangi na redioni, lakini kinatembea.

Mama, ungempenda. Ana daftari lililochorwa ukoo kama mizizi ya mti, na kila jina lina ushahidi wake: huyu kabatizwa kanisa fulani, huyu kafunga ndoa, huyu kazikwa. Kwao walikuwa wachimba mawe ya kuezekea nyumba. Machimbo yalipolala, watu wakapanda meli wakaenda kokote kwenye kazi, na majina yao yakabaki kwenye orodha za abiria. Kaka wa babu wa babu yake, seremala, alikuja huku kutengeneza mashua za misheni, akafa kwa homa. Gwen alikuwa amemfuata mtu huyo karatasi kwa karatasi, kutoka kisima cha ubatizo hadi bandarini, na ilibaki karatasi moja tu: ya maziko, iliyoko kwetu.

Unajua Mzee Yoeli alifanya nini? Alifungua kabati. Siku ileile! Kukaletwa chai, kukaletwa karanga, meza ikafutwa. Vitabu vikatoka kimoja kimoja, vizima, vina jalada na uti wa mgongo. Nilimtazama. Naye akatazama karanga. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Shikamoo Mzee. Poleni na mchwa."

Gwen alinifundisha kazi kwa siku mbili. Alisema usisome jina peke yake, soma na pambizo, maana pale ndipo mwandishi anapojisahau akasema kweli. Na usiamini kitabu kimoja mpaka umekiuliza cha pili. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, tukampata seremala wake, mstari mmoja, na kaburi lake tukalikuta nyuma ya kanisa chini ya majani. Gwen akakaa chini akalia. Padri akaenda kumfariji, Mzee Yoeli akaenda kutafuta mtu wa kufyeka. Mimi nikabaki na vitabu. Mgeni analia, mimi nafunua kurasa. Situbu.

Kwanza nikakukuta wewe. "Agnes. Mama: Marta. Baba: Stefano, hayupo." Halafu nikakumbuka agizo, nikakiuliza kitabu cha pili.

Kuna daftari la wasafiri. Zamani Mkristo akienda kazini kusini alipewa barua ya kumtambulisha kwa mapadri wa huko, na katekista akaandika nani amepewa. Baba yako yumo. "Stefano, mume wa Marta. Amepewa barua." Na pambizoni, kwa herufi za kubana: "Amekataliwa na wenye mgodi kwa kuwa safari ya kwanza alirudi kabla ya muda. Anakwenda kwa cheti cha mdogo wake Benedikto. Huko atajulikana kwa jina hilo."

Wewe unajua kwamba mtindo huo ulikuwa wa ufukwe mzima. Ndugu aliazima cheti cha kazi kama anavyoazima jembe. Hakuna aliyeona ajabu, ila wote walificha, hata kwa wake zao, kwa sababu ukigunduliwa ni kifungo.

Nikachukua kitabu cha maziko. Nikakuta miaka miwili mbele: "Benedikto. Amefia mgodini, ameangukiwa na mwamba. Amezikwa hukohuko. Habari kwa barua. Sanduku lake la bati limekabidhiwa kwa familia." Na mstari huo umekatwa kwa wino mwekundu. Pambizoni padri wa wakati ule ameandika: "Kosa. Benedikto yu hai. Jumapili nimempa komunyo kwa mkono wangu."

Basi, ikaishia hapo. Padri yule alifurahi kumkuta mzima aliyeandikwa kafa, akakata mstari, akafunga kitabu. Hakuuliza ni nani basi aliyeangukiwa na mwamba. Katekista aliyejua alikuwa ameshahamishwa. Na mtu mmoja tu duniani aliyekuwa na vitabu vyote viwili kichwani alikuwa amepiga magoti pale altareni, ametoa ulimi, anapokea komunyo.

Benedikto aliogopa kifungo, sawa, mwaka wa kwanza ninampa. Hata wa pili. Lakini wewe ulikua mbele ya macho yake. Uliimbiwa mchona mbele ya macho yake. Angeweza kukunong'oneza hata akiwa kitandani mwa mauti, na wewe ndiye uliyemkoroga uji siku zile.

Nilipiga picha kurasa zote tatu kwa simu. Gwen aliporudi macho mekundu nikamwonyesha, nikamtafsiria. Akanishika bega, akasema maneno ya lugha yake ambayo sikuyaelewa na sikuomba tafsiri.

Sasa Mjomba Kosmas, mtoto wa Benedikto, ndiye mkubwa wa ukoo. Wiki moja kabla ya msalaba akaita kikao kwake kuamua maandishi. Alikaa kitini, pembeni yake karatasi za ukoo ndani ya sanduku la bati la bluu lililochubuka, lile ulilokuwa ukikalia utotoni ukisukwa nywele. Akasema, "Dada yetu aandikwe kwa watu wa mama yake, Liparamba. Mchona hana jina makaburini kwetu. Ndivyo wazee walivyoacha."

Nikaomba kusema. Shangazi wa upande wa baba akanivuta sketi, "Kaa, wewe, mkaidi kama mbuzi wa mnadani." Nikasimama hivyohivyo na sketi yangu mkononi mwake. Nikasoma kurasa tatu, polepole, pamoja na pambizo. Halafu nikauliza jambo moja tu: "Mjomba, mtu aliyekuwa na hilo sanduku alikufa. Nani?"

Nje, mbuzi wa kweli akalia.

Mjomba akasema makaratasi ya kanisa yana makosa mengi. Nikasema ndiyo, hili lilikatwa kwa wino mwekundu. Akasema, "Unataka shamba, mpwa wangu. Sema ukweli." Hapo ndipo nilipofurahi, Mama, kwa maana nilijua angefika hapo. Nikamjibu mbele ya wote: "Lima, Mjomba. Lima mpaka uchoke. Mimi nataka jina." Na nikamwona anavyoangalia huku na huku, kama mtu aliyejiandaa kuzuia mlango na wewe umepitia dirishani. Mwisho akasema, "Ukiandika jina hilo, mimi sikanyagi pale."

Padri wetu wa sasa ni kijana. Nilimpelekea picha nikidhani ataniambia nisubiri kamati. Alisoma mara mbili, akasema, "Kitabu ni cha kwetu. Kosa nalo ni la kwetu." Akatoa kalamu, na chini ya ule mstari uliokatwa akaandika jina la Stefano, mume wa Marta, baba wa Agnes, kwa wino wa kawaida, akatia sahihi. Mzee Yoeli alishika taa ya simu ili Padri aone vizuri. Nami safari hii mchwa sikuwataja. Leo hata mimi nimekua.

Siku ya msalaba Mjomba alikuja. Hakukanyaga, ni mtu wa neno lake, alisimama ng'ambo ya michongoma, kofia mkononi. Zege nililimwaga kwenda chini mpaka kiunoni kwangu, si kwamba namshuku mtu. Tukaufunua. AGNES BINTI STEFANO. Wale wanawake wazee uliokuwa ukianika nao dagaa walisoma kwa vidole, herufi moja moja, na mmoja wao, ambaye aliwahi kukuimbia, ninamjua, akapiga kigelegele.

Padri akataja marehemu. Akakutaja wewe, halafu akamtaja Stefano, kwa mara ya kwanza katika kanisa lililombatiza. Watu wakaitikia wapumzike kwa amani. Nami nikageuza shingo makusudi nione. Mjomba midomo yake ilicheza. Sijui kama aliitikia kwa moyo au kwa mazoea ya kanisa. Sijamsamehe baba yake, na usinishurutishe. Nikiwa tayari nitakuambia.

Gwen ameniandikia kutoka kwao. Anasema hata huko migodini makanisa yaliandika wafu wao, na kuna watu anaowajua wanaoweza kutafuta. Ameshatuma barua mbili, nami nimetuma yangu, kwa Kiingereza cha makopo ya rangi. Wakilipata kaburi, huenda lina namba tu. Au lina jina, na jina lenyewe tunalijua litakavyokuwa.

Kwa hiyo sikia ahadi yangu. Siku likipatikana nitapanda basi, nitavuka mipaka yote inayotakiwa, kwa pasi yangu na kwa jina langu mwenyewe, na begani nitakuwa na brashi na kopo. Nikikuta wameandika Benedikto, nitalipaka jina hilo rangi nyeupe, nitangoja likauke, halafu nitaandika la kweli. Mlinzi wa makaburi akinifukuza, nitarudi kesho yake.

Lala salama, Agnes binti Stefano.

Mwanao,
Roda