Mlango wa Chumba cha Tisa

9 Februari

Mdogo wangu,

Habari za masiku? Najua, masiku yenyewe ni miaka minne, na aliyeanza kununa ni mimi. Natumaini u mzima na kazi haijakumaliza. Mimi sijambo, ila mgongo unanikumbusha umri. Ningepiga simu, lakini namba yako ya zamani anapokea mwanamume mmoja mkali, ananiuliza mimi ni nani wake. Anwani hii ya ofisini kwenu nimeipata nyuma ya ile bahasha uliyomtumia Mama yenye dawa.

Mama hajambo mwili. Anakula, anatembea, ananifokea nikivaa shati lisilopigwa pasi. Kichwa ndicho kinachoondoka. Juzi kaniuliza mimi ni fundi wa nini na nani kaniruhusu kuingia. Nikamwambia fundi wa vyerehani. Akasema, "Hapa hakuna cherehani, toka." Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi mpaka akasahau, nikaingia tena. Ndiyo maisha yetu.

Kinachomtuliza ni kimoja, na utacheka: mchezo wetu wa kompyuta, ule tulioutengeneza wewe ukiwa Injinia, mimi Mkurugenzi, na Mama akitoa sauti. Nilikuwa nafuta vumbi kwenye kompyuta ile ya zamani, nikauwasha, akasikia sauti yake mwenyewe. Akavuta kiti. Sasa kila alasiri lazima acheze. Yule mama wa kwenye mchezo anazunguka nyumba akimtafuta mtoto wake chumba hadi chumba, na Mama wetu anamwendesha kwa vidole viwili, taratibu, ulimi nje. Jina langu halikumbuki, lakini anakumbuka kwamba ufunguo wa chumba cha tano uko ndani ya kiatu.

Shida ni mlango wa tisa. Unakumbuka tulivyojitia wajanja? Tuwaache wachezaji na kiu, tulisema, wataililia sehemu ya pili. Nani alilia? Walionunua hawajazi basi moja. Yule mwandishi wa jarida aliandika kwamba kati ya michezo yote isiyochezwa na watu, huu ndio uliostahili kuendelezwa, tukaukata ukurasa tukaubandika ukutani, na jarida lenyewe likafa mwaka uleule. Basi Mama akifika mlango wa tisa, kioo kinamwandikia kwamba sehemu ya kwanza imekwisha. Anageuka: "Sasa naingia lini?" Kila siku. Nikikosa jibu, analia mpaka jioni.

Daktari anasema atakuwa na miezi kadhaa tu ya kuelewa anachokiona. Nakuomba, mdogo wangu, yale mengine tuyaweke pembeni. Folda nzima uliondoka nayo wewe: programu yako, michoro yangu, sauti zote za Mama. Nirudishie nijaribu, au kitengeneze mwenyewe. Chumba kimoja tu. Mlango ufunguke, mtoto awe ndani, basi.

Kaka yako


2 Machi

Kaka yangu Mkurugenzi,

Shikamoo. Barua yako imenikuta salama, kazi nyingi, usingizi kidogo, mafua ya hapa na pale. Nilivyouona mwandiko wako nilirudi kukaa kwenye kiti. Mwambie Mama nampigia magoti. Hata kama atakuuliza ni nani, wewe mwambie.

Nimecheka na nimelia. Nilimwona palepale, ndani ya kabati la nguo, tulipomfungia kati ya makoti ili kelele za mtaani zisiingie kwenye sauti, naye anakosea maneno na kucheka mpaka makoti yanaanguka. Nilitaka kufuta yale makosa, ukanikatalia: "Usifute, hata akikosea ni yeye."

Kuhusu folda, nipe muda. Ni zamani, Kaka, nimehama nyumba mara tatu. Nitatafuta. Usimwahidi kitu kwanza.

Mdogo wako


20 Juni

Mdogo wangu,

Salamu zako zilifika, na tangu hapo kimya. Hujambo lakini? Sisi tunasukuma siku. Mama amepungua, mikono imekuwa myepesi, na sasa nafunga mlango kwa ufunguo nikienda kazini, jambo ambalo sikutegemea kumfanyia mzazi.

Leo siandiki kuhusu folda. Kaa kitako.

Chini yetu amehamia kinyozi, mtu mwema, mcheshi. Wateja wakingoja zamu wanacheza kamari kwenye simu. Wiki iliyopita nilisahau kufunga mlango. Narudi, Mama hayupo. Nikashuka ngazi mbio, nikamkuta kwa kinyozi, amesimama katikati ya wanaume, kanga begani, anajibu: "Haya, mwanangu. Haya, nakuja." Nikadhani ni maradhi tu. Mara simu ya mteja mmoja ikasema, "Aa, kidogo nipatie! Tujaribu tena, mwanangu."

Nilimnyang'anya yule bwana simu yake. Ni nyumba yetu! Michoro yangu mimi, lile zulia nililohangaika nalo mwezi mzima, ngazi, mpaka ufa wa kwenye dari. Wamepaka dhahabu juu yake. Milango tisa, unaweka pesa, unachagua mmoja. Ukipata unapigwa muziki. Ukiliwa pesa yako, inatoka sauti ya Mama. Tena si yale maneno tuliyoyatumia. Ni yale makosa yake ya kabatini.

Wametuibia, Injinia! Sijui wametuingilia wapi, lakini wezi hawa nawafuata mpaka kwao. Nimeongea na mteja wangu mmoja, mumewe ni wakili, anasema tukionyesha folda yenye tarehe za zamani hawana pa kutokea. Sasa unaona umuhimu wake? Itafute leo leo.

Kaka yako


3 Julai

Kaka,

Shikamoo. Sina uso wa kukuuliza habari za nyumbani, lakini nauliza, kwa sababu Mama ni mama yangu pia.

Usiende kwa wakili. Hakuna aliyeiba. Niliuza mimi.

Nilipofika huku nilikaa miezi minane bila kazi, nikilala sebuleni kwa watu hadi watoto wao wakaanza kuninong'ona. Kampuni moja ikaona mchezo wetu kwenye maombi yangu ya kazi. Wakasema nyumba ile ni nzuri, wanaitaka, na mimi wananiajiri. Nikawapa folda yote kama ilivyo. Sikuifungua, Kaka. Sikupitia kujua ndani kuna nini. Nikasaini kwamba sitabaki na nakala na kwamba hakuna atakayetengeneza sehemu ya pili, nikafuta kila kitu mbele yao. Barua zako unazituma kwao. Ndipo ninapofanya kazi mpaka leo.

Ile ya kamari iliandikwa ghorofa ya chini yangu. Mwaka jana nilikuwa napita kuchukua chai, nikasikia Mama anacheka ndani ya chumba cha watu nisiowajua. Nikachukua chai yangu. Nikarudi kwenye meza yangu nikaendelea na kazi. Hilo ndilo ninalojichukia nalo kuliko hata kuuza.

Nitakitengeneza chumba. Mkataba na uwe mkataba, nitakianza upya nyumbani kwangu, kwa kukumbuka. Niulizie tu kwa Mama: ndani ya chumba cha tisa mna nini? Nataka kiwe chake.

Mdogo wako


19 Julai

Wewe,

Habari zetu umeshazipata, na mimi zako nimezipata.

Nimeanza barua hii mara tano. Zile nne zilikuwa na matusi, nimezitupa kwa heshima ya tumbo lililotuzaa. Kumbe miezi yote uliyosema unatafuta, ulikuwa unatafuta nini, aibu yako? Ungeuza figo yangu ungenikosea kidogo. Umeuza sauti ya mzazi, tena akiwa hai, tena bila hata kuisikiliza.

Kompyuta yetu imeungua. Moshi, harufu, basi. Fundi kaifungua akaniambia hata diski haisomeki. Mchezo wetu haupo tena popote ninapopajua. Mama anakaa mbele ya kile kioo cheusi akiwa na vidole tayari. Kinyozi alipoona hali akaniambia nimshushe, wateja wakicheza anatulia. Hivyo ndivyo anavyoshinda sasa: kwenye kiti cha kinyozi, anawajibu wanaume wakiliwa. Siku hakuna wateja anahangaika, kwa hiyo nimeiweka kamari hiyo kwenye simu yangu. Ndiyo, mimi. Hakuna mahali pengine sauti yake ilipo.

Nimemuuliza. Alinishika mkono akasema, "Mtoto amelala. Usiwashe taa." Hilo tu. Fanya haraka.

Kaka yako


30 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Mnaendeleaje? Mama analala? Matusi yako ningeyapokea yote, usingeyatupa.

Chumba kinakwenda. Kitanda kidogo, giza, pazia lililofunguka kidogo. Natoka kazini naketi nacho mpaka macho yanagoma. Nimebakiza mtoto, nataka blanketi lipande na kushuka, ajue kwamba anapumua. Bila michoro yako mikono yangu ni mizito, ya mgambo, lakini Mama hatajali, sivyo? Niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako


11 Novemba

Kaka yangu,

Shikamoo tena. Barua yangu ya Agosti hujaijibu, nami najua nastahili. Natumaini Mama anapata ahueni na wewe unakula.

Chumba kimekamilika. Kimo kwenye flashi iliyomo humu, nimeifungia ndani ya soksi isigongwe. Washa, mlango unafunguka wenyewe, asihangaike na ufunguo. Mtoto yupo.

Kitu kimoja hakimo: sauti. Nilijaribu kuzichukua. Nilishuka ghorofa ya chini mchana kweupe, nikaifungua folda yetu, nikaanza kunakili. Wakanikuta. Nimefukuzwa, Kaka, nimetolewa na mlinzi nikiwa na mkoba na kikombe changu. Sijutii. Kwa hiyo chumba ni kimya. Mwambie Mama ni kwa sababu mtoto amelala.

Sasa sina kazi ya kunizuia. Mwisho wa mwezi ujao naja. Nataka nimwone akiingia.

Mdogo wako


28 Novemba

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, tena na mtu karibu. Soma kabla hujakata tiketi.

Mama alifariki tarehe 6 Septemba. Alasiri, kitandani kwake, mkono wake ndani ya mkono wangu wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na simu. Aliniuliza anaingia lini, nikamwambia leo. Akaridhika kabisa, akaniambia nirekebishe kola yangu. Simu ikasema tujaribu tena, akaitika, "Haya." Hakusema kingine. Tulimzika kesho yake, kinyozi na mimi na majirani wachache.

Sikukuandikia. Mwanzo ilikuwa hasira, nilitaka ukae bila kujua kama nilivyokaa mimi. Kisha barua yako ya Agosti ikaja na habari za blanketi linalopumua, nikashindwa. Nisamehe. Hilo hakuna ndugu anayemfanyia ndugu yake, nami nimekufanyia.

Flashi ilifika. Nilikwenda kwenye duka la kutoa nakala nikaomba kompyuta. Nimeingia chumba cha tisa, mdogo wangu. Ni kizuri, mikono yako si ya mgambo hata kidogo. Nilikaa na mtoto yule mpaka mwenye duka akataka kufunga. Angekipenda. Asingewasha taa.

Sasa nikwambie lililobaki, maana ukija utaliona. Karakana yangu ya vyerehani haipo. Mashine zimekwenda kwenye ile milango tisa, bisibisi zimekwenda, meza imekwenda na droo zake. Kitanda cha Mama kipo, nalalia hicho. Kinyozi amenikataza kukaa kwake na simu, na hana kosa. Usinitumie kitu chochote chenye thamani.

Utasema nirekodi. Nilirekodi kwa simu ya kinyozi. Nikibonyeza anasema, nikibonyeza anasema yaleyale, nikaona nimemfanya kengele. Kwenye kamari sijui atakuja vipi. Wameweka makosa yake mengi, siku nyingine anakohoa, siku nyingine anasema ngoja nimeze mate. Ipo moja anacheka, makoti yanasikika yakianguka, na wewe kwa mbali unamwambia, "Mama, taratibu." Hiyo hutoka mara chache. Wiki hii haijatoka. Ninaingojea.

Jana kinyozi alinifuata hadi ngazini, akanishika bega, akaniambia ataniombea nishinde mara moja, kitu kikubwa, nipate kuacha. Nikamshukuru. Nikishinda unapigwa muziki tu, Mama hasemi chochote.

Kaka yako