Jina la Wandera Mara Tatu

Mama Tina wangu,

Huku Matayos mvua imekatika, lakini udongo bado unanata viatuni. Leo tumemzika ndugu yangu Wandera bila mwili. Tangu avuke mpaka wa Malaba na lori, huu mwaka wa sita, hajaonekana. Ndani ya jeneza tumelaza shina la mgomba, ndiyo desturi yetu.

Mama yangu akaniuliza, "Mwalimu, hao Warumi unaofundisha habari zao, mtu wao akipotea walifanyaje?"

Nikamwambia walimjengea kaburi tupu, wakamwita jina mara tatu.

Akasogea ukingoni mwa kaburi, akaita, "Wandera! Wandera! Wandera!"

Kisha sote, hata wachimba kaburi, tukageuka kutazama njia.

Jioni ukiwaita watoto waje kula, wakiitika, shukuru kwa niaba yangu.

Baba Tina